Kuku wa Kumfungua Mama Mkwe Kinywa

Tarehe ishirini na mbili Desemba, mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba huku kwetu, mke wangu Minza alifariki hapa Bariadi baada ya homa ya siku nne. Tulimzika kesho yake. Siku mbili baadaye ikawa Krismasi.

Siku hiyo mama yake alishinda uani kwangu, amekaa kwenye mkeka, ameipa nyumba yangu mgongo. Wanawake wa msibani walipika wali na maharage. Wakampelekea sahani. Akaifunika kwa ungo, akasema wapewe watoto. Mchana ulipopita akainuka taratibu, akapenya kwenye uwazi wa ua wa minyaa, akaenda kwa jirani yangu Mama Shija kuomba uji. Watu wote waliokuwa pale walimwona akienda, na walimwona akirudi anajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama wa marehemu anakula kwa jirani. Walijua sababu. Sababu ilikuwa mimi.

Katika ukoo wa mke wangu, mama mkwe hali nyumbani kwa mkwilima, yaani mume wa binti yake, mpaka mkwilima mwenyewe amfungue kinywa. Si jambo la gharama. Mkwilima anachukua kuku jike mmoja, anamtia kwapani, anatembea kwa miguu kutoka kwake mpaka kwa mama mkwe. Akifika anapiga magoti uani, anapiga makofi, anamwita mayu, yaani mama, anasema, "Mayu, nimekuja kukuomba ukale kwangu." Basi. Anarudi na kuku wake, anamchinja, mkewe anampika, mama mkwe anakuja anakula, na tangu siku hiyo atakula hapo mpaka mwisho wa maisha yake. Nilikaa na Minza miaka kumi na mmoja. Kuku sikupeleka.

Nataka kuandika habari za mama mkwe huyo. Naye sasa ametangulia, ndiyo maana nathubutu. Angekuwa hai nisingeandika hata rangi ya kitenge chake.

Kwanza niseme kwamba sura yake sikuijua. Mila hairuhusu mkwilima na mama mkwe kutazamana, wala mmoja kumwona mwenzake akitafuna. Nilimjua kwa mgongo. Ulikuwa mgongo mwembamba, ulionyooka, na bega la kushoto lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia, kwa sababu ya ndoo za maji. Nilimjua pia kwa visigino vyake, maana ukipishana na mama mkwe njiani unainamisha kichwa, na ukiinamisha kichwa unaona visigino. Mtu akiniuliza leo kama alikuwa na mwanya kwenye meno, siwezi kumjibu.

Zaidi ya hapo nilimjua kwa chakula chake. Kila Krismasi mimi na Minza tulikwenda kwake Kasoli. Wanaume tulikaa nje chini ya kibanda cha kuhifadhia mabua, tukaletewa chakula na wasichana. Yeye alibaki jikoni. Nilikula ugali wake wa mtama, kuku wake wa samli, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoyapika na karanga zilizosagwa mpaka mchuzi ukawa mzito kama tope la mbugani. Miaka ile ya mwanzo sukari ilikuwa haipatikani, sabuni haipatikani, mchele unausikia kwa watu. Kwake Krismasi haikupungua hata punje. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda, na mwenyewe aliyenipikia hakuwahi kuonja hata maji ya mtungi wangu. Niliona ni sawa tu. Nilidhani mambo ya wanawake yanajipanga yenyewe.

Kuongea na mimi moja kwa moja hakuruhusiwa, lakini kunyamaza hakukuwa kipaji chake. Minza akiwepo alipitisha maneno kwake. Minza akiwa hayupo alizungumza na kinu. Kinu kilikuwa katikati ya uwanja, kikubwa, cheusi, kimepasuka mdomoni.

"Kinu, mwambie mkwilima mboga bado ipo."

Nami nilijibu, huku natazama ardhi, "Kinu, mwambie mayu nimeshiba."

"Kinu, mwambie mtu mwenye mwili ule hajashiba. Labda mboga haikumpendeza."

Nikaongezewa. Kinu kilinilazimisha kula mara nyingi kuliko mama yangu mzazi.

Alikuwa mtu wa kanisa. Krismasi hakukosa ibada, mvua inyeshe au isinyeshe. Lakini chakula kikishaiva, kabla hajapakua, aliteka mwiko wa kwanza akaumwaga chini kando ya mafiga, kwa ajili ya wale wa zamani. Mwaka mmoja katekista aliingia jikoni kuomba moto wa sigara akamkuta anamwaga.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Mwiko umeteleza, Katekista."

"Mwaka jana pia nilikukuta umeteleza."

"Umri," akasema. "Mikono haina nguvu." Na mkono huohuo ukainua chungu cha ugali wa watu ishirini ukakitua chini bila kutikisika.

Soko huria lilipokuja, na maduka ya Bariadi yakajaa mafuta ya kopo, nyanya za kopo na viungo vya pakiti, alivikataa vyote hadharani. Alikiambia kinu kwamba mafuta yasiyonuka hayajawahi kumjua ng'ombe. Nilimpelekea kopo la mafuta nikiwa najiona mtu wa maana, akawapaka mafuta hayo watoto wa jirani miguuni. Basi Krismasi moja Minza alikwenda kutafuta chumvi kwenye chungu cha ndani, akakuta pakiti nne za bizari ya dukani zimefungwa kwenye kitambaa, moja imefunguliwa na imefika nusu. Alinisimulia tukiwa kwenye baiskeli njiani kurudi, akacheka mpaka nikashindwa kuendesha, tukashuka. Yule kuku tuliyekuwa tunamsifu miaka miwili, kwamba ndiyo ladha halisi ya kikwetu, alikuwa na bizari ya pakiti.

Kwa ulimi alikuwa mkali, ila ukali wake ulikuwa na njia zake. Mimi na Minza Mungu hakutujalia mtoto. Mama mkwe alilisema hilo mara nyingi, tena mbele za watu, mpaka Minza akawa anajificha nyuma ya nyumba. Lakini mwaka wa saba baba zangu wadogo walipoanza kunishauri nioe mwingine, habari zilimfikia. Krismasi hiyo alisubiri watu wote wanyamaze, akakigeukia kinu.

"Kinu, mwambie mkwilima nimesikia anatafutiwa mwingine. Amlete tu. Amlete hapa kwangu nimfundishe kupika, maana mkwilima huyu anakula sana, asije akamuua binti wa watu kwa kazi."

Watu walicheka mpaka wazee wakakohoa. Baba zangu wadogo hawakulirudia tena jambo hilo. Sikumshukuru. Sikujua unamshukuruje mtu kupitia kinu.

Sasa mtu atauliza, kwa nini sikupeleka kuku? Nitasema kweli. Nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, na kila msimu nilipelekwa Kasoli kupima pamba. Nilikuwa na darasa la saba na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Wakulima walipojazana kwenye mizani nilikuwa nawapigia kelele, "Panga foleni! Panga foleni!" Nilitembea mikono nyuma kama mkaguzi. Na desturi ya kuku yule ni kwamba mkwilima akipita na kuku kwapani, yeyote anayekutana naye ana ruhusa ya kumtania, awe mtoto, awe mlevi, na mkwilima haruhusiwi kujibu. Niliwaza watu wote niliowapangisha foleni wamejipanga njiani wananisubiri. Nikasema mwakani. Mwakani nikasema mwakani.

Mwaka wa tano Minza alinisumbua sana. Nikapata akili ya kikarani. Lori la chama lilikuwa linapeleka mbegu za pamba Kasoli. Nikamfunga kuku miguu, nikampa dereva, nikamwambia ampeleke kwa mama mkwe na aseme ni kuku wa kinywa, ametoka kwa mkwilima. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia Minza jambo limekwisha.

"Umemtuma dereva apige magoti?"

"Kuku ni kuku," nikamwambia.

Mama mkwe hakuja. Krismasi iliyofuata, tulipokuwa tunaaga, Masunga, kaka yake Minza, alifunga tenga nyuma ya baiskeli yangu. Ndani alikuwepo kuku yule na vifaranga saba. Mama mkwe alikuwa amesimama jikoni, ametupa mgongo.

"Kinu, mwambie mkwilima kuku wao alipotea njia akafika huku. Tumemtunza. Ameolewa pia."

Niliendesha baiskeli kutoka Kasoli mpaka Bariadi na vifaranga vinalia nyuma yangu, Minza amekaa mbele kwenye bomba anatetemeka kwa kicheko. Mama Shija alituona tunaingia akauliza kama nimeanza mradi.

Minza hakunigombeza. Mara ya mwisho alipoligusa jambo hilo ilikuwa Krismasi ya mwaka wa kumi, anaosha vyombo, anatania tu. "Wewe subiri. Mimi nitakufa kabla mama hajaijua chumvi ya nyumba yangu." Nilicheka. Nilikuwa nasikiliza mpira redioni.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayawaza mama mkwe alipopita kwenye ule uwazi wa minyaa kwenda kuomba uji.

Baada ya matanga alirudi Kasoli, na mwaka mzima hatukuonana. Wanunuzi wapya walikuja na mizani zao na makarani wao vijana. Mizani ya chama ilibaki ghalani, kuku wakalala juu yake. Nikaanza kuuza dagaa na sangara wakavu sokoni Bariadi, mzigo nikiufuata mwenyewe kule Mkula, upande wa ziwa. Kazi hiyo humfundisha mtu unyenyekevu, kwa sababu hakuna mwenye cheo anayenuka vile. Nilikula ugali na dagaa jioni, na asubuhi dagaa waliobaki. Sikujua kupika kitu kingine.

Desemba ilipoingia tena nilianza kukosa usingizi. Mama mkwe alikuwa na watoto wengine na wajukuu, njaa asingeona. Lakini nilijua kwamba akifa hajala kwangu, itasemwa kwamba Minza aliolewa na mtu ambaye mama yake hakuweza kula kwake. Minza hawezi kulijibu hilo, na mtoto wa kulijibu hakuacha. Nikamfuata Masunga alipokuja mnadani.

"Shemeji, nataka kumfungua mama kinywa."

Akaniangalia kama nimelewa. "Kinywa kinafunguliwa mke akiwa hai. Sasa utamfungua kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Minza."

"Na kuku atapikwa na nani?"

"Mimi."

Masunga alicheka kwa adabu, akatazama pembeni. "Shemeji, mimi sikukatazi. Ila mama akikataa, usiseme hukuambiwa."

Wiki ya Krismasi nikanunua kuku jike mwekundu. Mvua zilikuwa zimekolea, njia yote tope. Naomba nisamehewe kwa ninachoandika sasa: nilipanda gari. Pikapu ilikuwa inakwenda upande huo, nikajiambia mguu wangu wa kulia unauma, nikapanda na kuku wangu, nikashuka karibu na kijiji, nikamalizia kwa miguu nikichechemea kidogo kwa ajili ya watu.

Walionisubiri miaka yote hawakuniangusha.

"Karani! Leo unapima kuku?"

"Karani, panga foleni! Huyo kuku yuko nyuma ya nani?"

"Mwacheni, anampeleka shule!"

Mzee mmoja niliyewahi kumrudishia gunia kwa sababu ya unyevu alikuja akampapasa kuku kifuani, akasema kwa sauti ya ofisi, "Huyu ana unyevu. Akakaushwe kwanza." Nilipita katikati yao nimeinama. Sikujibu. Ajabu ni kwamba sikuumia kama nilivyodhani. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule watu kucheka karibu yangu.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama. Aliposikia kelele akageuka, akanipa mgongo. Nikapiga magoti kwenye tope, nikapiga makofi huku kuku anataka kuchoropoka. "Mayu, nimekuja kukuomba ukale kwangu."

Ungo ulitulia. Nadhani aliangalia chini, upande wangu.

"Kinu, mwambie mkwilima viatu vyake vina tope la soli tu. Kwa njia hii, na mvua hii, nani amembeba?"

Ningeweza kudanganya. "Kinu, mwambie mayu nimepanda pikapu."

Majirani wakapiga vigelegele. Yeye hakucheka.

"Kinu, mwambie binti yangu hakuletwa kwake kwa pikapu. Alitembea. Arudi kwake, aje vizuri."

Nikarudi. Kesho yake nilitoka Bariadi alfajiri, kuku kwapani, nikatembea mpaka alasiri. Mvua ilinipiga mara mbili. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la mto, nikakiacha. Njiani nilimweleza kuku mambo mengi, ya Minza na ya mizani, na nakiri kwamba kwa siku zile mbili nilizungumza na kuku kuliko nilivyozungumza na binadamu mwaka mzima. Kijijini hakuna aliyenitania tena. Mzee wa unyevu aliponiona akavua kofia.

Nikapiga magoti, nikasema maneno yale. Mama mkwe aliendelea kupepeta. Nilikaa magotini mpaka miguu ikafa ganzi.

"Kinu, mwambie nimesikia."

Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Masunga alinisindikiza kwa baiskeli usiku ule, akaniambia mama yake tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu ndiyo.

Asubuhi ya Krismasi nilikwenda ibada ya kwanza, nikarudi kumchinja kuku. Ilikuwa kazi ngumu kwa kuwa tulikuwa tumezoeana. Jiko la Minza lilikuwa limefungwa mwaka mzima. Mwaka huo nilipikia mlangoni kwenye jiko la mkaa. Siku hiyo nikalifungua lile la Minza, nikafagia utando wa buibui, nikawasha kuni kwenye mafiga yake. Moshi ukanitoa nje mara tatu.

Mama Shija alikuwa upande wa pili wa minyaa anasikiliza kukohoa kwangu. "Baba, nije nikupikie?"

"Hapana, Mama Shija. Ni lazima mimi."

"Haya. Mchele umeuosha?"

"Mchele unaoshwa?"

"Uoshe. Kisha maji yafike pingili ya kwanza ya kidole."

"Kidole gani?"

"Chochote!"

"Vidole vyangu ni virefu, Mama Shija. Wewe unatumia vyako."

Nikasikia anamwita Mungu. Alinielekeza vitunguu, nyanya na mafuta, kila kitu kwa kupiga kelele juu ya ua, na mtaa mzima ukajua karani anapika. Wali chini ukaungua, juu ukabaki na kiini. Kuku alikuwa amekomaa kweli. Nilichochea kwa saa nne akawa bado anadunda kwenye sufuria.

Mchana ukafika. Mvua ikaanza. Watu wengi mtaani walikuwa wamekwenda vijijini kwao, hakukuwa na ngoma wala redio. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni nikitazama njia. Saa nane hakuna mtu. Saa tisa nikafunika vyombo, nikajiambia Masunga alinionya.

Karibu na saa kumi nikaona visigino vyake. Alikuwa ameshanipita, ameingia uani, kajifunika kitenge kichwani kinachovuja maji. Alikwenda moja kwa moja jikoni bila kuuliza jiko liko wapi. Akakaa, akaupa mlango mgongo. Nikampelekea maji ya kunawa, nikaweka sahani pembeni yake, nikatoka kinyumenyume kama inavyotakiwa. Nikasimama nje chini ya ukingo wa paa. Paa la jiko lilikuwa fupi, maji yote yakanimiminikia shingoni.

Nilijaribu kuisikia sahani. Mvua ilikuwa kubwa.

"Chumvi," akasema ndani.

Jiko lile halikuwa na kinu. Tulikuwa wawili tu. Nikakumbuka kuku, nikakumbuka wali, nikakumbuka kila kitu nilichotia, na chumvi haikuwemo.

"Mayu, nimesahau."

Nilimsikia akishusha pumzi. Kisha nikasikia sufuria inarudishwa kwenye mafiga. Nilipeleka chumvi nikiwa nimefumba macho karibu nianguke. Akaagiza maji, nikaleta. Akaagiza kuni kavu, nikavunja kiti. Nikasikia anachochea, anageuza, anafunika. Basi nimemwalika mgeni, nimemfuata mara mbili kwa magoti, na mgeni anajipikia. Nilisimama mvuani nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana harufu iliyotoka mle ilikuwa ya nyumba yenye watu.

Akala. Nilimsikia anavunja mifupa. Alikula muda mrefu, bila haraka.

Sauti zilipokwisha nikasubiri aniite nichukue vyombo. Hakuita. Nikasubiri mpaka mvua ikapungua. Nikaita, "Mayu," kimya. Nikaogopa, nikaingia.

Alikuwa amelala. Ameegemea ukuta kando ya moto, mikono mapajani, uso umeelekea mlangoni. Nikamwona. Miaka kumi na miwili, na ndiyo mara ya kwanza kumwona. Nilidhani nitamkuta Minza pale, watu walisema wamefanana. Sikumkuta. Ulikuwa uso wa mama mwingine kabisa, mpana, na kovu dogo juu ya nyusi, na mafuta ya kuku kidevuni. Nilitakiwa kutoka upesi. Sikutoka upesi. Kisha nikachukua sahani, nikamwachia moto.

Alipoamka alijifunga kitenge, akatoka. Nilichukua mwavuli nikamfuata nyuma hatua kumi mpaka mahali pikapu za Kasoli zinaposimama. Palikuwa na watu wachache wanarudi makwao na matenga yao. Kijana mmoja akampa mkono apande. Mwanamke aliyekaa karibu na bodi akasogea kumpa nafasi, akamsalimu.

"Mayu, mwadila. Mvua yote hii, Krismasi umekula wapi?"

Mama mkwe alijiweka vizuri kwanza. Akakunja kitenge miguuni.

"Nimekula kwa mkwilima wangu hapa Bariadi," akasema, kwa sauti ambayo kila aliyesimama pale aliisikia. "Kuku alikuwa mgumu. Nimemmaliza."

Dereva akapiga honi, pikapu ikaondoka.